Kompyuta za Kuharibikia Mikononi

Nimeletewa habari kwamba mwalimu wa kompyuta wa Kasulo, kule mpakani na Burundi, ametutoka. Wasomaji mnaonijua mtacheka mkisikia kuwa niliwahi kuwa mwanafunzi wake, tena kwa asubuhi moja tu, nikafeli. Enzi zile za wakimbizi wa Burundi, shirika moja la misaada lilipofungasha virago, alinunua kompyuta chakavu kwa bei ya kutupa, akaziweka katika darasa la maturubai kambini na kuziwasha kwa jenereta. Watoto wa Kirundi na wa wenyeji wakajifunza pamoja kuandika programu. Nilikwenda kuandika habari zao, nimevaa tai. Kwetu redio huvikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto hathubutu kuigusa. Basi nikavua viatu mlangoni, nikaketi mikono mapajani kama niko kanisani.

“Kaka, gusa, haiumi,” mwalimu akaniambia. Nikabonyeza. Kioo kikazimika, nami nikaiomba radhi mashine. Watoto walicheka hadi wakakaa chini.

Mchana wake wazazi walikuwa na kikao. Mzee mmoja Mhangaza, mwenyeji wa pale, akasimama: “Mwarimu, mari kama hii ifungiwe kabatini. Watoto wataiua.” Nami, bingwa wa kubonyeza, nikaitikia kwa kichwa.

“Baba, hawa wanarudi Burundi karibuni,” mwalimu akajibu. “Nikizifungia, wataondoka na nini? Nimenunua za bei rahisi makusudi. Zikiharibika, ziharibikie mikononi mwao.”

Akamwita binti mmoja wa kambini aiagize kompyuta ichore nyumba. Ikachora paa chini ya kuta. Nikajikunyata, maana shuleni kwetu kosa lilikuwa na fimbo yake. Binti akacheka. “Si kosa lake. Ni mimi nimeiambia vibaya. Ngoja niiambie tena.” Paa likapanda juu. Mzee akauliza kama mjukuu wake naye angeweza.

“Mlete kesho,” mwalimu akasema.

Malori yalipokuja kuwarudisha watoto wa kambini kwao, nilikwenda tena kuandika habari, nikakuta kompyuta moja ilikuwa imekufa na nyingine zimeng’oka vitufe. Mwalimu alinionyesha vitufe hivyo kwa fahari. Mimi nikasikitikia mashine. Leo namlilia yeye, na inaniuma kwamba nimechelewa kumwelewa. Ukimpa mtoto chombo huku unaogopa kisiharibike, unachomfundisha ni woga. Mimi somo hilo nilifundishwa vizuri nikalifaulu, ndiyo maana safu hii bado naiandika kwa kalamu.