Mkate Mdogo wa Perl

Waliopo mlangoni mwa makumbusho asubuhi hii ya Jumatatu, jijini Buenos Aires, ni wanne: Bernardo Waisburd, mwokaji mikate wa mji mdogo wa Basavilbaso; mkewe, Matilde; binti yao, Débora, mwenye mimba ya miezi saba; na mume wa Débora, Ramiro Almirón, ambaye mlinzi amemzuia kwa sababu ya termosi yake na kibuyu cha kunywea yerba, chai ya majani ya kwao.

"Hivyo haviingii, bwana."

"Basi na mimi siingii. Tumezoeana."

"Viache, Ramiro," Matilde anamkemea. "Mtu haji hapa kunywa chai."

Don Beno, kama Bernardo anavyoitwa na mji mzima, hacheki. Bado amevaa koti la arusi ya mpwa wake, iliyowatoa kwao, mkoani Entre Ríos, na kuwaleta huku. Ana umri wa miaka sitini na minane, na mikono yake ina makovu ya sinia za moto. Makumbusho haya ya maangamizi ya Wayahudi hajawahi kuyaingia. Kila alipofika jijini, alipata sababu ya kupita barabara nyingine.

Kwao, saa kumi alfajiri huwa ameshawasha tanuri. Wa sinagogi na wa kanisa wote hununua kwake. Mwaka ambao mafuriko yalikata barabara na umeme, alioka kwa kuni, akawapelekea wagonjwa mikate nyumbani mwao, maji yakimfika magotini.

Kila Ijumaa husuka mikate ya Sabato. Wa mwisho huwa mdogo, na hauuzwi. Huuweka kwenye rafu ya dirishani. Hakuna anayeugusa hadi Jumapili, siku ambayo kuku huupata.

"Ule ni wa mama mdogo Perl," huwaeleza wanaouliza. "Mama yangu alianza, mimi nikaendeleza. Akifika, asikute meza tupu."

Perl alikuwa mdogo wa Rivke, mama yake Don Beno. Mwaka 1937 wasichana hao wawili walitoka Poland pamoja na mjomba wao, waje Argentina. Bandarini daktari alimtazama Perl macho, akayaona mekundu, akamkatalia kupanda meli. Alikuwa na miaka tisa. Ilikubaliwa kwamba abaki na jamaa, na atafuata akipona. Kisha vita vikaanza.

Rivke hakukubali kamwe kwamba mdogo wake alikufa. Kwa watu wake, Wayahudi wa Ulaya Mashariki, jambo hilo lina uzito wa pekee: mtoto hurithi jina la marehemu, kamwe si la ndugu aliye hai, kwa maana kufanya hivyo ni kama kumharakishia kifo. Kwa hiyo katika ukoo mzima hakuna Perl mwingine. Kabla ya kufariki, Rivke alimwapisha mwanawe alinde katazo hilo.

Débora, anayetarajia msichana, analitaka jina hilo. Baba amemkatalia mara mbili.

"Baba, nikimpa mwanangu jina jingine, sisi tukishaondoka nani atajua Perl alikuwepo?"

"Nimeapa, binti yangu. Usinisukume."

Ndani wanapita chumba kwa chumba. Mbele ya koti la mtoto lililowekwa nyuma ya kioo, Don Beno anasimama. Matilde anamshika mkono. Mwokaji anafuta macho kwa mkono wa koti, na Ramiro, mtu wa mizaha, anageukia ukuta.

Doña Hena Grynberg, mwenye umri wa miaka tisini na mitano, aliyenusurika kambini na ambaye huzungumza na wageni hapa, anamsogezea kiti.

"Keti, mwanangu. Ukianguka, mimi sikuinui."

Don Beno anaketi na kumsimulia yote. Kisha anauliza swali alilolibeba tangu utotoni: "Inawezekana yu hai?"

Bibi naye anamuuliza: "Alijua mlipo?"

"Kabla ya kuachana bandarini, mama alimfundisha anwani ya huku. Aliiimba kama wimbo."

"Na alikuwa mtu wa kuchelewesha watu?"

"Hapana. Mama alisema siku zote alikuwa wa kwanza mlangoni."

"Sisi tuliobaki tulitafuta watu wetu kama vichaa. Tuliandika majina kwa mkaa kwenye kuta za vituo vya treni. Mtoto mwenye wimbo wa anwani yenu?" Anamshika kidevu kama mtoto mdogo. "Asingewaacha msubiri, mwanangu. Angeshakuja."

Don Beno analia kwa sauti. Hakuna anayemnyamazisha.

Nje, kwenye benchi la barazani, Ramiro, aliyerudishiwa termosi yake, anamimina yerba na kumpa mkwewe kibuyu cha kwanza.

"Kunywa, mzee. Hii mlinzi hakuigusa."

Don Beno anakunywa kwa mrija hadi kibuyu kinakoroma, anakirudisha, kisha anasimama na kufunga vifungo vya koti lake.

"Nisikilizeni wote. Mama nilimwapia kumlinda mtu aliye hai. Mama mdogo amekufa. Mtoto ataitwa Perla, yaani Perl kwa Kihispania, na atakayemtangaza sinagogini ni mimi."

Débora anamkumbatia, tumbo likiwa katikati yao.

"Na ule mkate?" anauliza Matilde.

"Ijumaa nitausuka kama kawaida," anasema Don Beno. "Ila kuku watafute chao. Tutaukata mezani, na kipande cha kwanza atakula Débora."