Fundi sare apanga likizo ya kwanza katikati ya dripu

Jua halijapanda juu ya mabati, lakini cherehani ya chumba cha mbele imeshaanza kunguruma. Mwanamke ameiinamia, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi, miguu inakanyaga taratibu. Anashona marinda ya sketi ya bluu. Akimaliza rinda moja anasimama, anapuliza vidole, kisha anaendelea.

Mara anaacha kazi na kunyanyua kola nyeupe iliyokuwa kando. Pana doa jekundu, bichi kabisa.

"Pini hiyo," anasema, akikigeuzageuza kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Zamani ikinigusa tu, mtaa mzima ungejua. Siku hizi damu yangu naiona kwa macho kabla sijaisikia."

Mtaani wanamwita Mama Sare. Jina alilopewa na wazazi hulisikia zahanati na hospitali tu, na likiitwa huchelewa kuitika. Kwa zaidi ya miaka ishirini watoto wa shule za jirani wamevaa kazi ya mikono yake. Wapo wazazi wanaoleta watoto wao kupimwa ambao yeye aliwapima wakiwa wafupi hivyohivyo, wakilia hivyohivyo wasivuliwe kaptura.

Ganzi ya vidole imeletwa na dawa. Mama Sare ana saratani ya utumbo mpana. Alipasuliwa, kidonda kikapona, kisha madaktari wakamwanzishia dawa zinazoingia mwilini kwa dripu, kila baada ya wiki tatu. Amekwisha kupata dripu tano kati ya nane.

Ugonjwa wenyewe aliugundua kwa sindano. Gauni lake la kutokea lilimpwaya, akalipunguza. Halikupita muda likampwaya tena.

"Nikalilaumu kitambaa," anasema. "Nikasema muuzaji amenipa kitu cha kulegea. Mtu mwingine nikimpunguzia nguo mara mbili ningemuuliza, dada, unaumwa? Mimi mwenyewe sikujiuliza."

Sasa dawa zinapambana na ugonjwa, na mwili umekamatwa katikati. Chuma baridi kikimgusa, mkono unashtuka kama umeshika waya wa umeme, ndiyo maana mkasi wake ameuviringishia kitambaa kwenye vishikio. Maji ya kunywa lazima yawe vuguvugu. Sketi saba alizokuwa akizimaliza kwa siku zimekuwa mbili, na siku mbaya hakuna hata moja.

Pamoja na hayo, kichwa chake wiki hizi hakiko kwenye sketi wala kwenye dripu. Kiko kwenye safari. Mama Sare anapanga kuipeleka familia yake likizo.

Ni jambo ambalo nyumba hiyo haikuwahi kulifanya. Shule zikifungwa, watoto wa wengine hutawanyika kwa babu, kwa shangazi, kwa mjomba. Kwa fundi sare shule kufungwa ndiyo mavuno, kwani zitakapofunguliwa kila mtoto anataka kuingia na nguo mpya, na kila mzazi hukumbuka jambo hilo siku ya mwisho.

Watoto wake wawili wa kike walikulia chini ya meza ya kukatia. Kifungua mimba sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ya kuuza dawa katika mji mwingine. Kitinda mimba yuko darasa la nne. Likizo zake zote amezimaliza akishonea vifungo kwenye mashati, hadi majirani wakamwita Vifungo, na yeye akaitika.

Safari ilianzia kwa mtoto huyo, na ilianza na uongo.

Siku chache baada ya dripu ya pili, mwalimu wa Vifungo alikuja kupimwa gauni. Alikuwa amenyoosha mikono, futi imemzunguka kiunoni, akapiga soga kama wateja wote wapigavyo.

"Na ziwani mlifurahi kweli," mwalimu alisema. "Mtoto wako amewasimulia wenzake mpaka darasa zima likanyamaza. Mawimbi, mchanga, baba yake alivyopoteza kiatu. Kumbe mtoto ana ulimi!"

Mama Sare hakuwahi kuliona ziwa hilo. Wala mumewe. Wala mtoto.

"Nilikuwa na pini mdomoni," anakumbuka. "Ilinisaidia, maana sikuweza kujibu haraka. Nilipozitoa nikasema, ndiyo mwalimu, tulifurahi. Nikaendelea kupima. Nilipima vibaya, gauni lile nililirudia."

Hakumgombeza mtoto. Jioni, walipobaki wawili uani, alimwambia mumewe, ambaye ni fundi bomba, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi: "Baba watoto, tunakwenda ziwani."

"Kufanya nini?"

"Kwenda tu. Mwanao ameshatutangulia."

Alipomweleza, mume alicheka, kisha akaacha kucheka. "Na kiatu nilikipotezaje?" aliuliza.

Mama Sare anasema hoja yake ilikuwa nyepesi. "Sikutaka mwanangu awe mwongo. Na njia fupi ya kuufanya uongo wake uwe kweli ilikuwa kumpeleka."

Kupanga likizo ukiwa kwenye dripu si kazi ya kuchagua hoteli yenye maua. Siku za mwanzo baada ya dawa, mgonjwa hafai hata kwa kukaa. Baadaye chembe za damu zinazoulinda mwili hushuka, na mafua ya jirani yanaweza kumlaza wodini. Dirisha la kusafiri linafunguka kidogo kabla ya dripu inayofuata, nalo halikai wazi muda mrefu. Palitakiwa mahali pasipo baridi wala msongamano, hospitali iwe karibu. Zaidi ya yote, choo.

"Wenzangu wanauliza kama kuna bwawa la kuogelea," anasema. "Mimi nauliza kutoka kitandani mpaka chooni ni hatua ngapi. Mwenye nyumba ya wageni akaniambia kwenye simu, mama, wewe unatafuta chumba au choo? Nikamwambia vyote, baba, lakini tuanze na choo."

Mumewe hakuridhika na majibu ya simu. Siku yake ya mapumziko alibeba mkoba wa spana, akapanda basi peke yake kwenda kukikagua choo hicho. Alikuta kinavuja, akakitengeneza, akarudi jioni.

Vifungo alimrukia mlangoni akitaka kujua ziwa likoje.

"Sijui," baba yake alimjibu. "Sikulitazama. Nilikwenda kwa ajili ya choo. Ziwa nililipa mgongo, nawasubiri ninyi."

Aliyepinga ni kifungua mimba. Alipopigiwa simu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya kazini, sauti ya mtu anayemweleza mgonjwa jinsi ya kumeza vidonge: kwa nini wasingoje matibabu yaishe? Mama Sare akamjibu kwamba matibabu yakiisha sare zitarudi.

"Mama," binti alisema, na sauti ya kazini ilikuwa imekwisha. "Unatuaga?"

Anapofika hapo, Mama Sare husimamisha cherehani kwa kiganja.

"Nilimwambia sijui, mwanangu. Ningemwambia nini? Kama naaga, mnanizuia nisiage? Na kama siagi, mnanizuia nisitembee? Akakata simu. Siyo kwa hasira. Alishindwa."

Walipanga kuondoka kabla ya dripu ya nne. Mabegi yalifungwa na kuwekwa mlangoni. Vifungo alivaa viatu vya safari tangu mchana wa siku iliyotangulia.

Mchana huohuo Mama Sare alianza kusikia baridi mgongoni. Hospitalini walimwonya tangu siku ya kwanza: homa ikipanda asingoje, aende mbio. Aliyajua hayo. Alivaa sweta, akasogea karibu na pasi ya mkaa, akaendelea kukunja nguo.

"Umevaa sweta jua hili?" mumewe aliuliza.

"Nimezoea tu."

"Na uso mbona unawaka?"

"Joto la pasi."

Mume aliiweka pasi nje, akarudi, akamwekea mkono shingoni. Aliyachukua mabegi yaliyokuwa mlangoni, akayarudisha ndani ili apate njia ya kumpitisha.

Wodini, sista wa zamu aliyemtundikia dripu ya maji alimsema bila kupandisha sauti. "Ulijua una homa, ukanyamaza ili uende matembezi. Mama, mficha maradhi..." Akaishia hapo, akajishughulisha na mrija.

"Kifo humuumbua," Mama Sare akamalizia. "Malizia tu, sista. Mimi si mtoto."

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu aambiwe ugonjwa wake. "Sikulia kwa sababu ya kifo," anasema. "Nililia kwa sababu ya vile viatu. Nilijua hajavivua."

Kifungua mimba alifika na basi la kwanza asubuhi. Hakuuliza lolote kuhusu ziwa. Alikaa miguuni pa kitanda, akaanza kuzikanda nyayo za mama yake, moja baada ya nyingine, kwa mafuta.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito zaidi. Vifungo alikuwa ameyafungua mabegi yote, amekunja kila nguo na kuirudisha mahali pake. Baba yake alimkuta ameketi chini ya meza ya kukatia, mahali alipokuwa akijificha alipokuwa mdogo. Alikataa kula. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo kwamba Mama anaumwa kwa sababu yake. Alidanganya shuleni kwamba wamekwenda ziwani, na Mungu ameona.

Fundi bomba huyo anasema hajawahi kukutana na mvujo uliomshinda kama ule. "Nikamvalisha, nikampeleka kwa mama yake."

Watoto hawaruhusiwi kuingia wodi hiyo. Sista yuleyule aliangalia pembeni, akampa mtoto barakoa, akasema ana kazi ya kufanya upande wa pili.

Mama Sare alimweka mwanawe pembeni ya kitanda.

"Ulianza kusema uongo lini?"

"Muhula huu."

"Gauni langu la kutokea nililipunguza lini?"

Mtoto alifikiri. Yeye ndiye aliyemshikia upindo. "Mwaka jana."

"Basi ugonjwa ulinianza mwaka jana, wewe hujasema kitu. Haukukusikia. Ugonjwa hauna masikio, mwanangu. Ungekuwa nayo, ungesikia jinsi ninavyoutukana."

Vifungo alicheka ndani ya barakoa, kisha akalia, kisha akasinzia akiwa amelalia mkono usio na mrija. Mama yake hakuusogeza mkono huo mpaka ukafa ganzi, ganzi ya kawaida, ile ya kulaliwa na mtoto. "Niliifurahia," anasema.

Ni dada mtu, kifungua mimba, aliyezungumza, bado ameshika mguu wa mama yake. "Hiyo nyumba ya wageni," aliuliza, kama anayeulizia jambo lisilomhusu. "Chumba kinalala watu wangapi?"

Homa ilishuka baada ya siku kadhaa. Daktari alipopita, Mama Sare alimweleza habari yote, uongo wa mtoto na choo kilichotengenezwa vikiwemo. Alitazamia kukemewa. Daktari aliomba kujua ziwa liko umbali gani na hospitali ya huko, akasema apate kwanza ya nne na ya tano, kisha dripu ya sita inaweza kusogezwa kwa wiki moja bila madhara, mradi damu ipimwe kwanza na kipimajoto kisafiri naye. Hakuahidi zaidi ya hapo. Picha itakayoonyesha kama dawa zimefanya kazi itapigwa baada ya dripu ya nane, na mpaka wakati huo hakuna anayejua.

Juzi majibu ya damu yalitoka. Ni mazuri. Wanaondoka Jumamosi, wote wanne.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, Mama Sare anawarudisha wateja shule zikikaribia kufunguliwa. Anawaelekeza ng'ambo ya barabara, kwa fundi ambaye wamegombania mashati kwa miaka mingi. Fundi huyo alivuka kuja kuuliza kama ni kweli. Aliondoka na vitambaa vilivyokwisha kukatwa, akaahidi kuvishona bila kubadilisha lebo ya Mama Sare.

Vifungo ameshauriana na dada yake kwa simu kuhusu nani atakaa dirishani kwenye basi. Hawajakubaliana. Mama yao aliwasikia wakizozana na hakuwaamua. Anasema ni ugomvi alioungoja sana.

Anaukata uzi wa sketi kwa meno, anaikung'uta, anaitundika. Maji ya ziwa hataweza kuyagusa, baridi yake ingemchoma. Atakaa kwenye mchanga, amejifunika.

"Siku ya kwanza najua itakuwaje," anasema. "Watanitazama mimi. Nimechoka? Nasikia baridi? Nimekula? Nikikohoa, wote watageuka. Nitawavumilia. Lakini siku ya pili watanizoea. Watalitazama ziwa, watanipa mgongo, watapiga kelele majini wanisahau kabisa."

Anatoa sketi nyingine kwenye rundo, anaanza kupima marinda.

"Hiyo siku ya pili," anasema, "ndiyo ninayoitaka."