Hereni ya Mama na Jirani wa Dhahabu

Niliichovya hereni ya mama kwenye zebaki, mwanangu. Hakuna aliyenisukuma, wala shetani hakupita mtaani kwetu Nyahanga siku hiyo. Nilikuwa peke yangu na ujinga wangu, na tulikuwa tunaelewana vizuri sana.

Nakuita mwanangu kwa sababu wewe umeingia kidato cha kwanza juzi na mimi niko cha tatu. Kwa niliyoyaona hapo katikati nastahili shikamoo. Iseme tu kimoyomoyo. Marahaba.

Nakumbuka asubuhi ya siku hiyo mwalimu wa kemia alitutembeza kwenye mstari wa tatu wa jedwali la elementi, kushoto kwenda kulia. Mwanzo wa mstari yupo sodiamu, metali laini ya kukatwa kwa kisu, ukiitupa majini inakimbia huku inachemka. Anafuata magnesiamu, mpole kidogo, maji ya baridi hayamshtui. Halafu alumini wa masufuria yetu. Unapita silikoni ya mchangani, fosforasi, salfa, klorini inayowasha pua, mpaka mwisho kabisa agoni, gesi isiyoitikia salamu ya mtu.

"Hatua moja tu kulia, tabia inabadilika," mwalimu akasema. Kisha akashuka mstari wa sita. "Dhahabu, namba sabini na tisa. Zebaki, namba themanini. Majirani hawa. Mmoja mnamvaa masikioni, mwingine anatiririka. Na wakikutana, zebaki anamla jirani yake."

"Mwalimu, labda dhahabu ya Kariakoo!" nikasema.

Darasa likaangua kicheko. Na mimi darasa likishacheka, huwa siwezi kuishia hapo.

Juma, ambaye kaka yake anachenjua dhahabu, yaani anaitenga na mchanga kwa zebaki, alikuwa na zebaki kwenye kichupa cha dawa ya macho. Akanipa. Nikafika nyumbani, nikafungua mkoba wa mama, nikatoa hereni moja. Zile hereni aliachiwa na bibi, na Jumamosi alikuwa azivae kijijini Didia, kwenye harusi ya mdogo wake wa kike. Nikaichovya nusu. Nilipoitoa, mwanangu, ile nusu ilikuwa nyeupe kama kijiko. Nikaifuta kwa shati. Nyeupe. Nikaisugua kwa majivu. Nyeupe vilevile, na sasa ina majivu.

Hapo ndipo nikapata wazo la pili, na mtu akishakosea la kwanza, la pili ndilo la kuogopa. Wachenjuaji huchoma. Zebaki inaruka, dhahabu inabaki. Kirahisi! Nikachukua kikaango, nikaingia jikoni. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka, na mdogo wangu Kabula amechuchumaa karibu yake akisubiri michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iive.

"Unapika nini, kaka?"

"Napika hereni. Usimwambie mama."

"Na mimi nionje."

Kikaango kilikuwa hakijagusa moto shangazi Minza alipoingia.

Shangazi yetu huyu alichoma dhahabu machimboni Rwamgasa miaka mingi, kabla hajaja kukaa kwetu. Mikono yake inatetemeka tangu huko. Kikombe cha uji anakishika kwa mikono miwili na bado uji unamwagika. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa namuigiza shuleni, na nilikuwa namuigiza vizuri.

Aliona kichupa, akaona hereni. Hakupiga kelele. Alimnyanyua Kabula, akamtoa nje, akarudi kuchukua kikaango mkononi mwangu. Kikaango kikaanza kutetemeka.

"Ukichoma, dhahabu inabaki. Na zebaki inakwenda wapi?"

"Hewani, shangazi."

"Na hiyo hewa anaivuta nani humu?"

Nilikuwa natazama hereni inavyochezacheza ndani ya kikaango, ikigonga chuma, na mara hii hakuna aliyecheka.

Tuliiweka hereni na kichupa ndani ya kopo lenye maji, tukafunga kifuniko. Kesho yake nikalipeleka shuleni, mwalimu akalifungia kabatini maabara, na mimi akanipa adhabu isiyohusu namba za elementi. Siku nyingi nilimchungulia Kabula mikono yake anapolala. Imetulia, mwanangu. Imetulia kabisa. Ningeweza kuimba.

Basi sikiliza. Mwalimu akikwambia hiki kinakula kile, muombe akuonyeshe maabara. Usiende kutafuta ushahidi kwenye mkoba wa mama. Zebaki usiichezee, na asiichome mtu penye watoto, hata akikwambia ni kidogo. Ukiharibu kitu, kimbilia kusema kabla hujakimbilia kutengeneza. Na mtu mzima anayetetemeka usimuigize, mpokee kikombe. Mungu akupe mikono iliyotulia, pua isiyovuta waliyoyavuta wengine, na shangazi anayeingia jikoni kwa wakati.

Mama nilimwambia mwenyewe jioni ile. Jumamosi ikafika. Harusini alivaa hereni moja, sikio la pili wazi, na mama wa bwana harusi akamshika mkono: "Mama Mabula, mbona hereni nyingine imedondoka?"

Mama alimtazama Kabula anavyocheza ngoma na jasho lake, akanitazama na mimi. Kisha akasema:

"Nilikuwa na hereni mbili na watoto wawili. Kimepungua kitu kimoja, na si mtoto."