Vyungu Nilivyovisifu Kabla ya Kuvichoma

Iko siku moja ya soko pale Matema ambayo huijia akili yangu hata nikiwa nakula, mwanangu. Keti nikusimulie, maana jana nilikusikia ukiwaelezea wenzako uzuri wa vyungu ambavyo bado ni udongo kwenye kikapu.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, vita vyake na Mwingereza vilipotufikia. Askari walimchukua baba kubeba mizigo, hakurudi. Tukabaki kijijini kwetu Ikombe mimi na mama, naye mgonjwa, miguu imevimba, hawezi hata kukanda udongo. Sisi Wakisi hatuna mashamba ya maana; mlima unashuka moja kwa moja ziwani. Vyungu ndivyo vilivyotulisha. Mnunuzi alikijaza chungu mpunga au mahindi, nafaka ikawa yako, chungu kikawa chake. Kikubwa kimoja kilitusogeza siku kadhaa.

Mikono nilikuwa nayo. Lakini mdomo, ee Mungu wangu! Siku hiyo nilisimama mbele ya wanawake waliotoka Busale na mpunga wao, nikawaambia wasihangaike na vyungu vya wengine.

"Soko la pili kutoka leo nawaletea vinane," nikasema. "Vyembamba, vyepesi, hamjapata kuviona."

Nikawaeleza shingo zake na michoro yake mpaka wakacheka kwa furaha. Mmoja, mama mtu mzima aliyebeba mjukuu mgongoni, akanishika mkono. "Ndaga, asante, mwanangu. Mpunga wangu nakuwekea wewe."

Nilirudi nyumbani nimelewa sifa. Unajua ubaya wake? Nilikuwa nimevisema vizuri mno hata nikajiona nimekwisha kuvifanya. Wiki nzima nilizunguka kwa huyu na yule nikisimulia, na kila nikisimulia, hamu ya kuketi kwenye udongo ilipungua. Nilipoanza kufinyanga siku zilikuwa zimeyoyoma, na mvua inanyesha. Chungu chembamba hutaka kukauka kivulini polepole, siku saba, hata nane. Mimi nilivipa tatu.

Vilipasukia motoni kimoja baada ya kingine, na mama alisikia kila mlio pale alipolala. Vitano vilivunjika. Vitatu vilitoka na nyufa, nikazisiliba kwa uji mzito na ngeu, ule udongo mwekundu wa kupakia, mpaka zikapotea machoni.

"Ulivianika siku ngapi?" mama akaniuliza.

"Nane, mama."

Akageukia ukutani.

Sokoni nilianza kusifu kabla sijashusha kikapu kichwani. Yule mama wa Busale akainama, akaniinulia kiganja. "Nyamaza kidogo, binti, nikisikie chenyewe." Akakigonga kwa kidole. Chungu kizima hulia. Changu kilitoa kishindo butu. Akagonga cha pili, akagonga cha tatu. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alifunga mpunga wake akaenda kwa mfinyanzi mwingine, wenzake wakamfuata.

Nilivuka ziwa kurudi Ikombe, mtumbwini hamna hata punje. Mama alikula majani niliyomchemshia, akafa siku ya nne. Ndiyo, alikuwa mgonjwa, na watu waliniambia hivyo ili kunituliza. Lakini mchele haukuwepo kwa sababu yangu, na jambo la mwisho nililomwambia juu ya kazi aliyonifundisha yeye mwenyewe lilikuwa uongo. Nimezeeka nalo, mwanangu, halijapoa.

Kwa hiyo nisikilize. Sikukatazi maneno, hata chungu kizuri huhitaji mtu wa kukitaja sokoni. Ila kitu kikiwa bado mikononi mwako, usikimalize kwa mdomo. Ukiulizwa, sema bado naanika, uone aibu kidogo, urudi kazini. Kikipasuka, sema kimepasuka, umwambie kwanza yule anayekupenda, maana huenda ana njia ya kukusaidia. Na hicho chenye ufa usikisilibe. Kivunje mwenyewe, uanze upya.

Haya, inama nikushike kichwa. Mungu akupe mikono yenye subira. Akulinde na utamu wa sauti yako mwenyewe. Na siku mwenye njaa atakapokutegemea, akukute umekwisha maliza kazi.