Linalolia Libaki

Mwaka ule Msamala nzima, mtaa wetu pale Songea, ilikuwa inatoboa kuta. Zilikuwa zama za ruksa. Sabuni ambazo zamani tulizipata kwa foleni na kujuana, sasa zilipangwa barabarani kwa rangi zote, na kila mwenye chumba kinachotazama njia alimwita fundi, akabomoa matofali, akaweka ubao wa kaunta, akawa mwenye duka. Jirani yetu wa kulia alitoboa sebule. Wa kushoto alitoboa chumba cha kulala, na wateja wake walinunua chumvi huku wakitazama kitanda.

Mke wangu akasema na sisi tutoboe stoo.

Nilikataa papo hapo, maana stoo ndiyo ilikuwa na magitaa yangu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini kwa miaka mingi mwisho wa wiki nilipiga gitaa kwenye bendi iliyochezesha watu mjini Songea hadi Namtumbo. Bendi yetu ilikufa kama zilivyokufa nyingine. Amplifaya iliungua, nyuzi za gitaa zikaadimika, mwimbaji akaenda Dar es Salaam kusalimia ndugu na hajarudi hadi leo. Mwishoni tulikuwa tunafumua waya wa breki za baiskeli na kuufunga kwenye gitaa badala ya nyuzi. Vidole vilitoka damu, na baiskeli zetu zilishuka milima ya Songea bila breki. Watu wakachoka. Vyombo vilivyobaki vikaletwa kwangu, “Mwalimu, tutunzie,” nami nikavitunza kwa kuviweka nyuma ya magunia ya mahindi na kuvisahau.

“Mara ya mwisho kuyashika hayo magitaa ni lini?” mke wangu aliuliza.

Nilimwambia yana thamani, ni kumbukumbu, ni mali ya watu, na mengine yote ambayo mwanamume husema akibanwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa, kisha akatoa hukumu. Fundi anakuja Jumamosi. Gitaa litakalolia kufikia siku hiyo litatundikwa sebuleni, na msumari ataupiga yeye mwenyewe. Lisilolia nitalipeleka jikoni kwa mikono yangu likawe kuni.

“Linalolia libaki, Mwalimu. Hapo sijakuonea.”

Kweli hakunionea. Lakini kulikuwa na jambo lililonikereketa na sikulitamka. Gitaa langu la kwanza kabisa, dogo, la njano, nililompigia nyumbani kwao Lusewa tulipokuwa wachumba, halikuwemo stoo. Lilipotea tulipohama kutoka Mfaranyaki kuja Msamala. Nilikuwa nimelitafuta kimyakimya, nikalikosa, nikabaki kuomba asije akaliulizia. Na hakuliulizia hata siku moja. Nikaamini ameshalisahau, na hilo liliniuma kuliko kulipoteza kwenyewe.

Siku iliyofuata, baada ya vipindi, nilihamisha magunia. Niliingia stoo nimenuna kama mtu aliyetumwa kufagia choo. Lakini mkono ulipogusa shingo ya gitaa mojawapo gizani, mwili ulisisimka. Vidole vya kushoto vilijipanga vyenyewe, bila kuniuliza, kwenye mkao niliodhani nimeusahau. Nikacheka peke yangu mle ndani. Nilitoka nimelikumbatia, shati limejaa vumbi, watoto wakaniangalia kama vile nimetoka na mbuzi.

Yalikuwa mawili. Moja kubwa, jeusi, ndani ya sanduku lake lenye kitambaa chekundu, la mpiga solo wetu. Hilo ndilo nililolitegemea. La pili lilikuwa jekundu, la umeme, na umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha na amplifaya hatuna. Lilikuwa limebakiwa na nyuzi za zamani zenye kutu. Nikalipiga hivyohivyo, likatoa kasauti kembamba. Kisha, sijui nilikumbukaje, nikaliegemeza kwenye mlango wa kabati la nguo na kulipiga tena. Kabati likaitika! Mbao zote zilivuma, sauti ikajaa chumba, na mtoto wetu wa mwisho akafungua kabati kuona nani yumo.

Basi nikawa kichaa. Nilipanda baiskeli hadi sokoni, kwenye duka ambalo zamani lilikuwa na viberiti na kalenda tu, nikamuuliza mwenye duka kama ana nyuzi.

“Za kushonea au za gitaa?” akauliza, kama jambo la kawaida kabisa.

Akanipa pakiti. Nyuzi mpya, zinang'aa, zimekunjwa vizuri kila moja kwenye karatasi yake. Nusura nimkumbatie yule bwana. Miaka yote ile tulikuwa tunachuna breki za watu, kumbe ruksa ilikuwa inatuletea nyuzi pamoja na mitumba! Nilirudi nyumbani naimba barabarani, mwalimu mzima, na wanafunzi wangu waliniamkia “shikamoo” wakiziba midomo wasicheke.

Ijumaa jioni nilizifunga nyuzi mpya kwenye lile kubwa jeusi. Mke wangu aliacha kuchambua mchele akaja kusimama mlangoni. Nilikaza taratibu, wa kwanza, wa pili, sauti ikaanza kupanda, tamu. Nikaukaza wa tatu. Pakatokea mlio wa kuvunjika, ubao wa mbele ukabanduka wote na nyuzi zake, na unga mweupe ukamwagika mapajani kwangu. Walikuwa dumuzi. Wale wadudu walioingia na mahindi walikuwa wamemaliza magunia wakahamia kwenye gitaa, wakalila kutoka ndani na kuniachia rangi tu.

“Pole,” alisema mke wangu, na alimaanisha.

Nilimpeleka chumbani nikampigia lile jekundu kwenye kabati. Aliinamisha kichwa akasikiliza.

“Hili linanong'ona, Mwalimu. Tena mpaka liegemee kabati langu.”

“Lina vyuma, haliwezi kuwa kuni.”

“Haya, likae uvunguni. Lakini kulia, halijalia.”

Jumamosi asubuhi fundi alifika na nyundo yake. Nilisikia pigo la kwanza ukutani na likanigonga kifuani. Mapatano ni mapatano. Nilichomoa nyuzi mpya kutoka kwenye lile gitaa lililokufa, nikazitia mfukoni, nikabeba mbao zake kwenda jikoni.

Lazima nieleze kwamba jiko letu lilikuwa kibanda cha nyuma, cha miti na udongo, na mimi nililelewa kwamba chakula humfuata mwanamume, mwanamume hakifuati. Tangu tuhamie Msamala sikuwa nimevuka kizingiti kile. Mke wangu alikuwa ameketi mbele ya chungu cha maharage. Niliinama kuingia, moshi ukaniingia machoni, nikajiinua kabla ya wakati, na kichwa kikapiga kitu.

Kitu kikasema *ngooo*.

Masikio yangu yamezeeka kwa mambo mengi, lakini sauti ya sanduku la gitaa siwezi kuikosea. Nilifuta machozi ya moshi nikatazama juu. Juu ya meko, kwenye kichanja, mahindi ya mbegu yalikuwa yamefungwa mafungu kwa maganda yake, yananing'inia meusi kwa masizi kama ilivyo kwenye kila jiko la Songea, moshi ukiyalinda na wadudu. Katikati ya mafungu yale, limefungwa shingo kwa kamba, lilining'inia gitaa dogo. Halikuwa la njano tena.

“Angalia kichwa, Mwalimu,” alisema mke wangu, wala hakugeuka.

Niliangusha zile mbao. “Hili... limefikaje hapa?”

“Nililitundika siku tuliyohamia. Stoo ina dumuzi. Mbegu siwezi kuiweka stoo.”

“Mbona hukuniambia?”

Sasa akageuka. “Mbona hukuliulizia? Nilikuwa nasubiri uliulizie.”

Miaka yote ile nimekula ugali uliopikwa chini ya gitaa langu, mimi naogopa asiliulizie, yeye anangoja niliulizie. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na moshi ulinisaidia kuficha kipi ni kipi.

Nikalikata kamba. Lilikuwa jepesi kama kibuyu kikavu. Akanitupia kitambaa na mafuta ya nazi kidogo, nikasugua, na chini ya masizi njano ikajitokeza, iliyoiva, rangi ya asali. Hakuna tundu hata moja la mdudu. Niliketi kwenye kigoda chake nikafunga nyuzi mpya, nikikaza huku nimefumba macho na kusubiri mlio wa kuvunjika. Haukuja. Nilitoa penseli ya shule mfukoni, nikaifunga shingoni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kama tulivyofanya zamani ili kupandisha sauti, na nikapiga.

Jamani! Moshi ulikuwa umelikausha mpaka kila uzi ulilia wazi, mkali, wenye utamu ambao lile kubwa jeusi halikuwahi kuwa nao siku zake bora kabisa. Nikaingia kwenye wimbo wetu wa Lusewa bila kufikiri. Nikakosea, nikarudia, nikakosea tena, nikasonga mbele. Mke wangu alikuwa anakoroga maharage. Kisha nikaona mwiko umeanza kufuata mapigo, halafu bega lake, lile bega la kushoto lililonifanya nilale macho nikiwa kijana. Akashika sauti ya pili kana kwamba tumeimba jana. Nyundo ya fundi ikanyamaza, na fundi mwenyewe akaja kusimama uani, mweupe kwa vumbi, anapiga makofi.

“Limelia!” nilipiga kelele. “Mama watoto, limelia! Chukua nyundo ya fundi, njoo utimize ahadi. Msumari, sebuleni!”

“Sebuleni dumuzi watalifuata,” alisema. “Litakaa hapahapa. Ukilitaka, mlango sasa unaujua.”

Duka likafunguliwa, na lile jekundu likabaki uvunguni. Kila nilipotoka shule nilipitiliza jikoni, nikavuta kigoda, nikalishusha gitaa, nikapiga yeye akipika. Majirani walisema mwalimu amekuwa mpishi, wakacheka sana, na mimi nikapiga kwa nguvu zaidi. Msimu wa kupanda ulipofika, mke wangu aliyashusha mahindi yote ya mbegu kutoka juu ya meko. Gitaa aliliacha mahali pake, akalifungia kamba mpya.