Ati Nifunge Madigadi

Leo mzungu wa ofisi ya mji ameniambia kwamba dawa ya mfereji ulioziba ni baiskeli yangu.

Sikilizeni, jamaa.

Mnajua maji machafu yanavyofurika mtaani kwetu Kariakoo tangu masika yaanze. Watoto wanaharisha. Nimeandika barua tatu, hakuna jibu. Basi asubuhi nikapanda baiskeli, nikaenda mwenyewe.

Baiskeli yangu haina madigadi ya kukinga tope. Niliyang'oa, maana tope letu hunasa ndani yake mpaka gurudumu linagoma. Nilipofika ofisini, kanzu ilikuwa na mstari mweusi kutoka makalioni hadi shingoni.

Nikafurahi. Ushahidi huo!

Nikamgeuzia mgongo yule mzungu. "Tazama, bwana. Huo ndio mtaa wetu."

Karani akacheka. (Mwenzetu kabisa, hana haya!) Mzungu akanikagua kwa makini, kisha akasema, "Baiskeli yako haina madigadi. Funga, utakuwa safi."

Akafunika faili.

Nikaondoka nikiwaka hadi Gerezani, kwa Fundi Mbaruku, ambaye mwezi mzima ananisumbua niyarudishe. Kuniona tu, akachukua spana.

"Leo umekubali, kaka?"

"Ukiyagusa tutagombana."

"Na kanzu je?"

"Haifuliwi. Kesho narudi nayo pale pale, na safari hii sisimami. Nitakaa kwenye kiti cha yule mzungu, chenye mto mweupe."

Nani anafuatana nami? Mwenye madigadi ayafungue kwanza.