Siku Ghaniya Alipomkana Mshairi Wake

Ghaniya binti Majid anasomesha fasihi ya Kiingereza katika chuo kimoja cha mji wa Ibra, katika nchi ya Waarabu. Wazee wake walirudi kutoka Unguja, yeye akazaliwa hapa hapa, na jamaa wakimtaja humtaja kwa mambo mawili: kwamba hajui kupika, na kwamba alikaa Ulaya miaka mingi akimsoma mtu mmoja aliyekwisha kufa zamani.

Mtu huyo ni mshairi wa Kiingereza wa miaka mia mbili nyuma. Alikuwa mpenzi wa kutembea milimani kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe. Ujanani aliacha kwenda kanisani. Hakuwa amemchoka Mungu. Aliona tu kwamba wenzake wamemfungia mle ndani na funguo wamezitia mfukoni. Akashika kwamba ipo roho moja inayopita katika jiwe, katika maji na katika moyo wa mtu, na kwamba anayetazama kwa makini hukutana nayo. Uzeeni alirudi kanisani, akazirudia beti zake za zamani, akawa anazilainisha moja moja ili mapadri wasije wakamsema. Hapo Ghaniya hakumpenda. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi, "Alijionea haya nafsi yake," na akilisema neno hilo uso wake hukunjamana.

Sababu ya kumpenda alikuwa hajapata kumwambia mtu. Baba yake alifariki yeye akiwa masomoni, na hakuwahi maziko. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo alikuwa akisimama juu ya msala, midomo inasoma, moyo umekauka. Siku moja alipanda kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba aliyopanga, na beti za yule mshairi kichwani. Manyunyu yalikuwa yakianguka, ukungu ukafunguka, bonde lote likaonekana. Akasikia kinywa chake kinasema "Subhanallah" bila ya yeye kukituma. Alilia palepale. Magharibi ya siku hiyo ndiyo sala yake ya kwanza tangu msiba aliyoisali akiwa mwenyewe yumo.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Shurooq, msichana wa Al Mintirib, ambaye baba yake, Aflah, ana kambi ya watalii ukingoni mwa jangwa la mchanga. Shurooq alikuwa haongei darasani. Lakini chuo kilipotayarisha hafla ya wazazi, wanafunzi wakatakiwa wasome makala zao, yeye mwenyewe alikwenda kwa Ghaniya akaomba asome. Ghaniya alifurahi hata hakumuuliza ameandika nini.

Ukumbi ulijaa. Aflah alikaa nyuma, kanzu yake ya dishdasha nyeupe imenyooka, kaja kwa gari moja kwa moja kutoka kambini. Safu ya mbele alikaa Ami Himid, mdogo wake marehemu Majid, mtu mzima aliyestaafu serikalini, ambaye ukoo mzima hunyamaza akikohoa.

Shurooq alisoma kwa Kiingereza, kisha akaeleza kwa Kiarabu ili wazee wafahamu. Alisema tangu utoto alikuwa akisali kama mtu anayetaja nambari ya simu. Alipomsoma mshairi huyu, alitoka Alfajiri peke yake akenda kusali mchangani, na alipoinua kichwa kutoka kwenye sijda akaona ule mchanga wote unabadilika rangi mbele yake. "Nilitetemeka," alisema. "Huyu mtu hakuijua kibla yetu. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kuielekea."

Ukumbi ukanung'unika. Mwanamke mmoja alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya kusikika. Ghaniya alihisi damu inampanda masikioni, kwa kuwa msichana yule alikuwa amesimulia kile kilima chake, yeye Ghaniya, pasipo kukijua.

Ami Himid akainuka, taratibu.

"Binti yangu, ahsante. Lakini mimi nasikia mshairi huyo anasema Mola yumo ndani ya mlima, ndani ya jiwe. Hiyo si hulul? Si kusema Muumba ameingia ndani ya alichokiumba?" Kisha akamgeukia Ghaniya. "Mwanangu, ndivyo mnavyowasomesha?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelifanyia kazi miaka mingi kuliko mtu yeyote mle ukumbini. Angeweza kusema kwamba kuna tofauti baina ya anayesema mlima ni Mungu na anayesema mlima umemkumbusha Mungu. Kwamba mshairi mwenyewe ameyumba baina ya hayo mawili maisha yake yote. Kwamba Shurooq amesema la pili wala hakulikaribia la kwanza. Angeweza kusema kwamba sisi wenyewe tumeamrishwa tutazame ngamia alivyoumbwa na milima ilivyosimamishwa. Maneno yalifika kooni. Akamtazama ami yake, akaitazama ile safu ya mbele, akacheka kidogo.

"La, Ami. Tunawasomesha ili wajue makosa ya wenzetu. Shurooq hakulifahamu vizuri somo."

Watu wakapumua. Wengine walipiga makofi. Shurooq alikunja karatasi yake mara mbili, akashuka jukwaani, na kule nyuma Aflah aliinamisha kichwa akawa anavitazama viatu vyake.

Alipofika nyumbani, mama yake, Bi Kuruthum, alimpokea mlangoni na furaha.

"Himid kanipigia simu. Kasema umejibu vizuri. Umeusitiri ukoo. Baba yako angekuwa hai angefurahi."

"Mama, niache nikalale."

"Ulale saa hizi? Magharibi haijaadhiniwa! Na mbona umesawijika hivyo?"

Ghaniya aliingia chumbani akakaa juu ya kitanda na baibui lake mwilini. Kila alipolikumbuka lile cheko lake alifumba macho. Mshairi alingoja uzee ndipo akaziogopa beti zake. Yeye alimkana kwa pumzi moja, tena akamkanyaga mtoto wa watu ili apate pa kusimama.

Alidhani haya hiyo itapungua. Haikupungua, ilipata chakula kipya siku ya kusahihisha mitihani. Katika jibu la Shurooq, kwa mwandiko safi, alikuta: mshairi huyu alipotea, na sisi tunamsoma ili tujue makosa ya wenzetu. Hakuna kilichokosewa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na ndani yake hamna mtu.

Akamwita ofisini. Walisema Kiarabu, kama kawaida yao, kwa kuwa Kiswahili cha Shurooq ni cha salamu na vyakula, alichookota kwa bibi yake wa Pemba.

"Kwa nini umeandika hivi?"

"Si ndivyo ulivyosema, Ustadha?"

"Na wewe unaamini hivyo?"

Shurooq aliangalia dirishani. "Sijui. Nilidhani najua. Sasa nikitoka kwenda kusali mchangani nasikia watu wananung'unika. Siku hizi nasali ndani."

Kisha akaomba ruhusa akaondoka.

Ijumaa ya wiki hiyo Ghaniya alikwenda kwa Ami Himid baada ya chakula cha mchana. Alimkuta barazani na kahwa yake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. "Ami, siku ile ya hafla nilikudanganya. Yule msichana hakukosea. Mimi namwamini mshairi huyo, si kwa yote, lakini kwa mengi. Yeye ndiye aliyenirudisha kwenye sala baba alipofariki. Nilikuogopa wewe."

Alikuwa ametayarisha moyo kukaripiwa. Ami Himid aliweka kikombe chini.

"Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo."

"Lakini mimi nilikuuliza kwa kuwa sikujua. Marehemu baba yako alikuwa akijisifu kwangu: Ghaniya anamsoma mtu mwenye fikra nzito. Mimi skuli sikufika huko. Nikasema leo nitauliza, atanifahamisha. Uliponijibu vile nikasema basi, ndivyo ilivyo." Akatikisa kichwa. "Hulul mimi siikubali, hata ukinieleza mpaka kesho. Lakini yule mtoto alisema alitetemeka kwenye sijda. Kosa liko wapi hapo? Tena nami nikamwacha ashuke vile."

Ghaniya alijiinamia. Muda wote alikuwa amejisamehe kidogo kwa kusema kwamba alimkimbia mtu mkali. Sasa hata mtu huyo hakuwapo. Alikuwa amekimbia ukumbi mtupu.

Jumamosi walikwenda Al Mintirib pamoja. Ami Himid alisema na yeye ana lake la kusema huko. Aflah aliwapokea kwa heshima zote, tende na kahwa, bila ya kuuliza wamefuata nini. Ghaniya hakungoja. Mbele ya Aflah na mbele ya ami yake alimwambia Shurooq kwamba makala ile ilikuwa ya kweli, na kwamba mwalimu wake aliikana kwa woga wake tu, akijua anachokikana. Akasimulia na kile kilima. Ami Himid naye akasema, "Na mimi, binti yangu, nilisimama nikauliza mbele za watu jambo la kuulizwa faraghani. Nisamehe."

Aflah alisema, "Allah atusamehe sote," akawajazia vikombe.

Wageni walipoinuka kuondoka ndipo Shurooq alipomsindikiza Ghaniya hadi garini, na pale, pengine kwa kuwa Kiarabu kingekuwa kikali mno, au kwa sababu aijuayo yeye, akasema kwa Kiswahili chake cha bibi:

"Nimesamehe, Ustadha. Wallahi nimesamehe. Lakini maneno ile bado iko."

"Najua," Ghaniya alisema.

Shurooq alimaliza chuo kwa daraja nzuri, sasa anafanya kazi katika mji wa Sur. Hakusoma tena makala mbele ya watu. Ghaniya bado anasomesha. Wanafunzi wakimuuliza kama yeye mwenyewe anayaamini maneno ya mshairi huyo, huwaeleza anachokiamini na anachokikataa, waziwazi, hata wakiwapo wageni. Ila kile kipande cha uzeeni, cha mshairi kuzilainisha beti zake, siku hizi hukipita upesi, macho yake kitabuni, wala hana tena neno la kumsema.